Allidina Visram: Mwenye Maduka Aliyeanzia Bagamoyo

Kamati ya jarida letu iliponitaka niandike habari za kiongozi mmoja mashuhuri wa zamani, nadhani ilitazamia niwaletee mtawala au mwanasiasa. Hao wameandikwa sana na wataandikwa tena. Mimi kazi yangu serikalini kwa miaka mingi imekuwa kukagua hesabu za vyama na mashirika, kwa hiyo nimechagua mtu wa hesabu. Jina lake ni Allidina Visram. Ninyi vijana mlioko madarasani sasa pengine hamjalisikia, ingawa mjini Mombasa linajulikana sana, na ingawa mwenyewe biashara alijifunzia Bagamoyo, ambako sisi wa Lugoba tukishika barabara ya Msata tunafika mchana hata hatujaona njaa.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, magharibi mwa India. Kutch ni nchi kame. Watu wake tangu zamani walizoea kupanda majahazi wakati wa kaskazi na kuja kutafuta riziki katika pwani yetu. Yeye alifika Bagamoyo mnamo mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12, yaani umri wa mtoto wa darasa la sita. Mtaji hakuwa nao. Alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia, na miongoni mwao ilikuwa desturi mgeni kupokewa na ndugu waliotangulia, akapewa pa kulala na kazi ya kufanya dukani. Naye akaangukia katika nyumba ya biashara ya kina Sewa Haji Paroo.

Huyo Sewa Haji mnamjua, hata kama hamjui kwamba mnamjua. Aliyepata kulaza mgonjwa Muhimbili atakuwa amesikia wodi ya Sewahaji. Ni yeye aliyetoa fedha za kujenga hospitali ya kwanza ya wananchi Dar es Salaam katika miaka ya 1890, na ni yeye aliyetoa jengo la ghorofa pale Bagamoyo ili liwe shule ya watoto wa kila rangi. Alikuwa rika moja na Allidina, lakini mmoja alizaliwa katika mali na mwingine akaja kuitumikia.

Hapana budi nieleze kidogo biashara yao, maana ndiyo iliyomfundisha Allidina karibu kila kitu. Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara iliondoka pale, ikavuka mto Ruvu, ikapita katika nchi yetu hii ya Ukwere, ikaendelea Usagara, Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji. Kwenda ilibeba nguo za merekani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kurudi ilibeba pembe za ndovu. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 30 na zaidi, akatembea nao miezi mitatu mpaka Tabora. Wengine hawakufika. Sipendi kusoma habari za utajiri wa pembe bila kuwakumbuka watu hao, nami naomba msomaji naye awakumbuke kabla hatujaanza kumsifu mtu.

Kina Sewa Haji wao hawakufuata pembe huko porini. Walikaa Bagamoyo wakaiuzia misafara vitu vyote ilivyohitaji, wakaitafutia na wapagazi. Mwaka 1871 Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone, sehemu kubwa ya wapagazi wake aliipata kwa mkono wa Sewa Haji, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 20 tu. Baadaye, katika kitabu chake, Stanley alimlalamikia vibaya sana kwa ujanja wa bei. Huenda alikuwa na haki. Lakini tazameni hekima ya biashara ile. Msafara ukifanikiwa, muuzaji wa nguo amekwisha pata faida. Msafara ukiporwa Ugogo, muuzaji wa nguo bado amepata faida, ila kama alitoa mali kauli. Na mali kauli ilikuwa lazima, kwani ni wafanyabiashara wachache walioweza kulipa taslimu bidhaa za safari ya mwaka mzima. Kwa hiyo elimu kubwa ya dukani haikuwa kupima nguo wala kuhesabu shanga. Ilikuwa kumtazama mtu usoni na kuamua kama atarudi. Allidina aliisoma elimu hiyo miaka zaidi ya 20.

Kisha akaanza kupeleka misafara yake mwenyewe. Alinunua nta, asali na pembe, akapeleka nguo, chumvi na nafaka. Tena alifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: badala ya kuungoja msafara urudi pwani, aliweka watu wake njiani. Alifungua matawi Dar es Salaam, Saadani, Tinde kule Usukuma, na Ujiji. Sasa mkulima au mwindaji wa Tinde aliyekuwa na frasila moja tu ya nta hakulazimika kungoja msafara mkubwa upite. Mnunuzi alikuwapo mwaka mzima. Frasila mojamoja zikikusanywa mwaka mzima ni mzigo wa jahazi.

Sasa tufike mwaka 1896 na 1897, kwa maana hapo ndipo ninapomwona Allidina kuwa si mchuuzi hodari tu bali ni kiongozi. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Uganda. Februari 1897 Sewa Haji alifariki. Kwa mtu wa kawaida, kifo hicho kilikuwa ndiyo nafasi ya maisha. Njia ya Bagamoyo aliijua, machifu aliwajua, wapagazi walimjua, na mwenye nguvu kuliko yeye alikuwa ameondoka. Alikuwa na umri wa miaka 46. Mtu wa umri huo, mwenye nyumba, watoto na jina, hupenda kukaa palipo moto. Nasema haya kwa kuwa ndio umri wangu na umri wa wengi wenu mtakaokuja mkutanoni, na tunajua jinsi ilivyo vigumu kuhama hata ofisi, sembuse nchi.

Yeye aliichukua biashara aliyoiacha Sewa Haji, akaipanua mpaka Uganda na Kongo, lakini wakati huohuo akaanza kuondoka Bagamoyo. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890 alikuwa na duka Kampala, na makao yake makuu akayahamishia Mombasa. Kwa nini? Hesabu yake ilikuwa rahisi, ila kuikubali ndiko kulikokuwa kugumu. Bidhaa za Uganda zilizokuwa zikipita Bagamoyo na Tabora vichwani mwa watu kwa miezi, treni ingezifikisha ziwani kwa siku chache. Siku reli itakapofika, bei ya kubeba itaanguka, na yule mwenye wapagazi wengi atakuwa na wapagazi wengi bure. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, ikiwa na urefu wa kilomita 930 hivi. Wadachi nao walijenga ya kwao kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Bagamoyo haikupata reli upande wowote. Makao makuu ya serikali yalikuwa yamekwisha hamishwa tangu 1891. Wafanyabiashara waliobaki wakingoja misafara irudi walizeeka barazani.

Naona niseme wazi kwamba Allidina hakuwa mtabiri. Habari za reli ziliandikwa katika magazeti na kila mtu wa pwani alizisikia. Tofauti ni kwamba yeye alihama wakati njia ya zamani bado inampa faida. Katika ukaguzi wangu nimeona vyama vingi vikiwa na taarifa sahihi kabisa kabatini, zimepigwa mhuri na kusainiwa, wala hakuna aliyezifanyia kazi mpaka maji yalipofika shingoni.

Reli ilipokuwa ikijengwa, maduka yake yaliifuata. Mafundi na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, nao walihitaji mchele, unga, samli na viungo. Penye kambi pakawa na duka. Kambi ilipohamia mbele, duka jipya likafunguliwa mbele, na lile la nyuma likabaki likiwauzia wenyeji. Baadaye maduka yakavuka ziwa yakaingia Jinja, Hoima, Masindi, hata mto Nile kuelekea Nimule na Gondokoro katika Sudani Kusini ya leo. Watu wakampa jina la mfalme wa Uganda asiye na taji. Neno lenyewe duka, kama mjuavyo, tumelipata kwa Wahindi.

Lakini idadi ya maduka si kitu. Hata nzige ni wengi. Ustadi ulikuwa katika namna duka lilivyofanya kazi. Chukueni duka moja huko Uganda baada ya Mkataba wa mwaka 1900, ambao uliweka kodi ya nyumba ya rupia 3. Mwananchi alitakiwa kulipa rupia, naye rupia hana. Ana ngozi, ufuta, pilipili, karanga, nta. Duka la Allidina lilinunua vitu hivyo, hata kikapu kimoja, na kumpa rupia. Rupia moja alilipia kodi, nyingine akanunua nguo palepale. Kwa hiyo mzigo ulioleta nguo haukurudi mtupu. Ulirudi na ngozi na ufuta hadi Mombasa, na kutoka hapo ng'ambo. Duka lililouza tu lingekufa kwa kukosa wanunuzi wenye fedha. Lililonunua tu lingekufa kwa gharama ya kusafirisha fedha. Lake lilifanya yote mawili, na kila upande ukalisha mwingine.

Tena kulikuwa na fedha zenyewe. Benki hazikuwapo bara. Kubeba masanduku ya rupia porini kulikuwa ni kualika wezi. Basi mtu aliweza kulipa fedha katika duka moja na kupewa karatasi, akaenda nayo kwenye duka jingine la mbali akalipwa. Karatasi hiyo Wahindi waliiita hundi, na ndilo neno tunalolitumia leo katika kila ofisi yenye mhasibu. Hundi ya Allidina ilikubaliwa kwa sababu kila mtu alijua kwamba mwenye duka la mbele ataiheshimu saini ya mwenye duka la nyuma. Hapo msingi wa shughuli yote ulikuwa ni uaminifu wa makarani waliokaa peke yao mahali ambapo tajiri wao angeweza kufika mara moja kwa mwaka, au asifike kabisa.

Aliwapataje watu wa namna hiyo? Alifanya kama alivyofanyiwa. Kijana aliyeshuka jahazini kutoka Kutch au Gujarati alianza kama msaidizi. Akionekana mwaminifu alipewa tawi. Akizidi kuonekana mwaminifu alipewa bidhaa kwa mali kauli akafungue duka lake mwenyewe, kisha akawa anamwuzia Allidina mazao na kununua kwake kwa jumla. Tajiri mwingine angeona anajitengenezea washindani. Yeye aliona kwamba karani mwenye tamaa ya kujitegemea ataiba, lakini karani anayejua kwamba baada ya miaka mitano atakuwa na duka lake atailinda rupia ya tajiri kama yake. Mimi nimekwisha soma miongozo mingi ya kuzuia wizi katika mashirika, na sijakuta mbinu iliyo bora kuliko hiyo.

Ya viwandani nitayapitia upesi. Pamba ilipoanza kulimwa Uganda kwa wingi tangu mwaka 1904 hivi, aliinunua na kujenga viwanda vya kuichambua. Alikuwa na viwanda vya kukamua mafuta, sabuni, soda na samani, alikuwa na mashamba, na vyombo vya kubebea mizigo katika Ziwa Nyanza. Serikali ya Kiingereza ilimhitaji kuliko yeye alivyoihitaji, angalau mpaka benki zilipofika.

Sasa upande wa pili wa daftari. Ngazi ile niliyoieleza, kutoka msaidizi mpaka mwenye duka, haikuwekwa kwa ajili ya kila mtu. Mwafrika alikuwa mpagazi, baharia, mtumishi wa ghala, na muuzaji wa kikapu cha ufuta. Karani hakuwa, kwani vitabu vya hesabu viliandikwa Kigujarati, na aliyefundishwa Kigujarati ni mtoto wa nyumba. Jambo hili lilikuwa la kawaida kwa maduka ya Wahindi wote. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilipotunga sheria ya kuwalazimisha wafanyabiashara kuweka hesabu kwa Kiingereza au Kiswahili, Wahindi walifunga maduka nchini kwa majuma kadhaa kwa kupinga. Wako watakaosema Allidina alikuwa mtu wa zama zake. Sawa. Lakini mtu aliyeweza kuona reli kabla haijafika angeweza pia kuona kwamba mamilioni ya watu wanaomlimia pamba hawatakubali milele kusimama nje ya kaunta. Mwaka 1949 Buganda ilichafuka, na mojawapo ya madai ya wakulima ilikuwa ni haki ya kuichambua pamba yao wenyewe.

Dosari ya pili ilimwumiza yeye mwenyewe. Mali ile yote ilikuwa ya mtu mmoja. Nani anadaiwa nini Hoima, nani alipewa muda zaidi na kwa nini, nani wa Ujiji neno lake linatosha bila maandishi, hayo yalikaa kichwani mwa Mzee. Madaftari yalikuwapo, bila shaka, lakini daftari huandika kiasi cha deni, haliandiki tabia ya mdeni. Na yeye hakuacha kusafiri. Alipokuwa na miaka 65 bado alikwenda mwenyewe kutazama biashara Kongo. Huko alipatwa na homa, na mwaka 1916 akafariki.

Hakufa wakati mzuri, kama upo wakati mzuri. Vita Kuu ilikuwa ikipiganwa humu humu Afrika Mashariki na njia za biashara zilikuwa zimevurugika. Mwanawe Abdulrasul alirithi maduka, viwanda, mashamba na madeni, ya kudai na ya kudaiwa. Baada ya vita bei za mazao zilianguka ghafla mwaka 1920 na 1921. Rupia, ambayo ndiyo iliyoandikwa katika kila ukurasa wa madaftari yake, ikaondolewa; ikaja florini mwaka 1920, kisha shilingi. Wenye madeni bara hawakuweza kulipa. Baba yao angewajua wa kubanwa na wa kuvumiliwa. Abdulrasul hakuwa mvivu wala mpumbavu, naona watu humwonea wanaposema mtoto aliiponda mali ya baba. Alikabidhiwa funguo za milango mingi bila kuambiwa upi ni wa mlango gani. Naye akafariki mwaka 1923, na kabla ya miaka ya 1920 kwisha nyumba ya biashara ya Allidina Visram ilikuwa imekufa.

Nimewahi kuulizwa na kijana mmoja ofisini kwamba, basi, kazi ya miaka 50 ilipotea bure? Nilimjibu aangalie wale makarani. Wengi waliopewa mali kauli na Mzee waliendelea na maduka yao, na watoto wao wakawa wenye viwanda na mashamba makubwa. Ofisi ya Mombasa ilipofungwa, wao hawakufungwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na daftari lake na alijua kilichomo. Sehemu ile aliyoigawa ndiyo iliyodumu. Nitafurahi kama wenzangu wa kamati ya mfuko wa wahitimu watalitafakari hilo tutakapofika kwenye ajenda ya mweka hazina, maana tangu tuanzishe mfuko huu daftari limekuwa la mkono mmoja, tena mkono mwema, wala hakuna mwingine anayejua limekaaje.

Kabla hajafariki, Abdulrasul alikuwa ametoa fedha za kujenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Ilifunguliwa mwaka 1923, mwaka uleule wa kifo chake, ikaitwa Allidina Visram High School. Mwanzoni ilikuwa ya watoto wa Kihindi. Baada ya uhuru wa Kenya ikawa ya wote, na mpaka leo wavulana wanasoma pale. Sanamu ya Mzee ilisimikwa mwaka 1937 katika bustani ya Treasury Square mjini humo. Ninyi mtakaopata safari ya michezo au ya masomo Mombasa, tafadhali pitieni mkaione. Mtaona mzee wa Kihindi, ambaye jahazi lililomleta halikumshusha Mombasa, lilimshusha Bagamoyo.